Moteri inalia, mtumbwi hauendi: kutafuta kosa kwenye moteri ndogo ya uvuvi Ziwa Kivu

Kaa asubuhi kwenye ufuo wowote wa Bukavu, saa mitumbwi inaporudi na sambaza, vile visamaki vya Kivu, utaisikia kabla hujaiona: moteri inayolia kwa sauti nyembamba ya juu kama inataka kupasuka, na mtumbwi wenyewe unatambaa tu. Mwenyewe ameshamwita fundi mara mbili. Kabureta imefunguliwa, bujii, yaani plagi za cheche, zimebadilishwa, pesa imekwenda. Muulize ubao wa nyuma una kimo cha sentimita ngapi, hajui. Hakuna aliyeupima, hata yule fundi.

Ndiyo maana nafuata dalili hapa, sifuati vipande vya moteri. Nimefunga moteri ndogo nyingi kwenye ziwa hili, za nguvu ya farasi 4 hadi 15, nyingi zikiwa za mipigo miwili, yaani zile zinazokunywa oili pamoja na esansi. Moteri iliyofungwa juzi ikaanza kusumbua leo, mara nyingi haina ugonjwa. Ugonjwa uko kwenye ubao, au kwenye hewa ya huku milimani, au ndani ya bidoni, yaani dumu la mafuta. Ufunguo wa kabureta uje mwisho.

Neno moja kwa wasomaji wa mbali: nikisema esansi nina maana ya mafuta ya gari na pikipiki. Huku kwetu ukiomba petroli, wengi wataelewa mafuta ya taa.

Inalia sana, mtumbwi hauendi

Anza na utepe wa kupimia. Moteri hizi huja na miguu ya urefu wa aina mbili. Mguu mfupi umetengenezwa kwa ubao wa sentimita 38 hivi, mguu mrefu kwa ubao wa sentimita 51. Pima katikati ya ubao, kutoka ukingo wa juu ambapo moteri inakalia mpaka chini kabisa mtumbwi unapoishia. Watu wanapima pembeni, ambapo ubao umepanda na umbo la mtumbwi, kisha wanashangaa.

Sasa funga moteri, isimame wima, na utazame kibamba bapa kilicho juu kidogo ya helisi, yaani propela. Kibamba hicho kiwe sawasawa na chini ya mtumbwi, au kishuke chini yake kwa sentimita 1 hadi 2 na nusu. Kikiwa juu ya hapo, helisi inavuta hewa kutoka juu ya maji na inazunguka ndani ya povu. Povu halishikiki. Moteri inakimbia kwa sababu hakuna kinachoizuia, na hiyo ndiyo sauti unayoisikia ufuoni. Kuna ubaya wa pili usiosikika: matundu yanayovuta maji ya kupoza yako karibu na hapo, nayo yakivuta hewa, moteri inapata joto huku wewe ukidhani tatizo ni mwendo peke yake.

Dawa ni kuukata ubao. Ukate kidogo kidogo: sentimita 2, jaribu majini, kata tena. Ukikata zaidi ya kipimo itabidi uongeze kipande juu, na kipande hicho kishikwe na bolti za kupita mpaka upande wa pili. Misumari haiwezi kuvumilia mtikisiko wa moteri. Usidanganyike pia kuishusha moteri kwa kuining'iniza nusu kwenye vibanio vyake. Siku moja itaruka.

Kibamba kikiwa chini mno, dalili ni nyingine: maji yanaruka juu nyuma yako, mtumbwi unakuwa mzito kama unaburuta jiwe, na esansi inaisha haraka. Hapo ubao unahitaji kuinuliwa.

Umepima, kipimo kiko sawa, na bado inalia? Lala chini utazame mkuku, ule uti wa mbao unaopita chini ya mtumbwi. Mafundi wetu wa mitumbwi wanapenda kuuacha mpana hadi mwisho kabisa, na kwa mtumbwi wa kasia hilo ni jema, linausaidia kwenda moja kwa moja. Ila maji yanayoachana kwenye mkuku mpana yanaifikia helisi yakiwa yamevurugika na yana mapovu. Chonga nusu mita ya mwisho iteremke taratibu mpaka iishe kabla ya kuifikia moteri. Nimeona kazi hiyo ya saa moja, kwa panga na randa, ikimaliza kilio kilichodumu miezi.

Kama helisi haizunguki kabisa wakati moteri inanguruma, pini inayoishika helisi kwenye shina lake imekatika. Imefanya kazi yake: imegonga jiwe au imenasa wavu, ikajitoa ili gia zisivunjike. Weka pini ya aina ileile. Ukiweka msumari au kipande cha nondo, siku ya jiwe lijalo pini haitakatika, zitakatika gia, na gia ni ghali sana kuliko pini. Fungia pini mbili za akiba na koleo ndogo ndani ya mtumbwi, mahali ambapo hazitazama na wewe ukipinduka.

Moteri kubwa kidogo hazina pini. Zina mpira katikati ya helisi. Mpira ukichoka, helisi inateleza: ukienda polepole inashika, ukiongeza mwendo inaachia. Chora mstari mmoja wa rangi kutoka kwenye shina la helisi kupita juu ya mpira hadi sehemu ya nje. Endesha dakika kumi. Mstari ukiwa umekatika vipande viwili visivyokutana, umepata jibu bila kufungua chochote.

Ni nzito, inatoa moshi, haifiki mwisho

Ziwa Kivu liko mita 1,460 juu ya usawa wa bahari. Uzito wa hewa hapa ni kama asilimia 85 ya ule wa pwani, na moteri inaishi kwa hewa kama inavyoishi kwa esansi. Kwa hiyo moteri iliyoandikwa farasi 8 inakupa hapa kidogo chini ya 7, na ile ya 15 inakupa chini ya 13. Hakuna bujii itakayozirudisha. Unaponunua, hesabu hivyo tangu mwanzo.

Lakini upungufu huo una mwenzake, na huyo ndiye anayetuletea moshi. Moteri ilipimwa kiwandani kwa hewa ya usawa wa bahari. Kabureta yake inamimina esansi kana kwamba bado iko Mombasa, wakati hewa inayokuja kuichoma ni pungufu. Esansi inazidi. Fungua bujii baada ya kuendesha kwa kasi dakika chache: ikiwa nyeusi na imelowa masizi, ndiyo hali hiyo. Ikiwa na rangi ya hudhurungi, kama chai ya maziwa iliyokolea, mchanganyiko ni mzuri na utafute sababu kwingine. Ikiwa nyeupe iliyoungua, simama hapohapo, esansi ni kidogo mno na pistoni iko hatarini.

Kwa bujii nyeusi kuna marekebisho mawili, na mara nyingi yote yanahitajika. La kwanza ni jikleri kuu, kile kipande cha shaba chenye tundu ndani ya kabureta kinachopitisha esansi. Weka yenye tundu dogo zaidi kwa namba moja, jaribu, tazama bujii tena kabla ya kufikiria namba ya pili. Usipanue wala kuziba tundu kwa waya. Hutajua tena umefika wapi. La pili ni helisi. Juu yake pameandikwa namba mbili za inchi: ya kwanza ni upana, ya pili ni hatua, yaani umbali ambao ingesonga kwa mzunguko mmoja kama maji yangekuwa imara. Helisi iliyokuja na moteri kwa kawaida ina hatua ndefu inayofaa chombo chepesi. Mtumbwi wa mbao uliojaa nyavu, taa na watu wawili unataka hatua fupi. Kila inchi moja unayopunguza inaongeza kama mizunguko 150 hadi 200 kwa dakika. Kile kipima mizunguko kidogo ambacho waya wake unazungushwa kwenye waya wa bujii kinakuonyesha kama moteri inafika inapotakiwa. Moteri nyingi ndogo zinataka kuwa kati ya 4,500 na 5,500 ukifungua mpaka mwisho.

Kuna onyo hapa ambalo natamani kila mwenye moteri alisikie. Watu wa Bukavu wanashuka Uvira na moteri zao. Ziwa Tanganyika liko mita 770 hivi, karibu mita 700 chini yetu. Hewa kule ni nzito zaidi, na jikleri uliyoipunguza kwa ajili ya Kivu itaipa moteri esansi pungufu. Moteri ya mipigo miwili inapata oili yake ndani ya esansi, kwa hiyo esansi ikipungua, oili nayo imepungua. Siku ya kwanza utafurahi, itavuta kuliko ilivyowahi kuvuta. Kisha pistoni itakwama. Jikleri ya kwanza usiitupe. Ifunge ndani ya kitambaa, ikae na pini zako.

Na kabla hujainunua helisi mpya, tazama unachotaka mtumbwi ufanye. Mtumbwi mrefu wa mita 7 unaolala majini unafika kama kilomita 12 kwa saa, halafu unaanza kupanda wimbi lake wenyewe. Kuanzia hapo kila tone la esansi linakwenda kwenye wimbi. Farasi zaidi hazitaubadilisha kuwa boti ya mbio.

Haiwaki, au inawaka kisha inazima

Ikiwaka vizuri, ikaenda dakika tano, ikafa, ikakubali tena baada ya kupumzika: legeza skrubu ndogo ya hewa juu ya kifuniko cha tangi. Hilo ni kosa ninalolikuta kuliko mengine yote. Esansi inatoka, hewa haiingii, pira la kupampia linanywea kama chuchu tupu. Pira likikataa kuwa gumu hata ukilibana mara ishirini, kuna mahali bomba linavuta hewa, au pira limefungwa kinyume. Mshale wake uelekee kwenye moteri.

Esansi yenyewe inahitaji macho. Wengi wetu tunanunua kwa kadhafi, wale wachuuzi wa esansi wa barabarani, ndani ya chupa. Sina neno baya juu yao, bila wao mitumbwi mingi isingetoka. Lakini chupa haisemi imepitia mikono mingapi. Jaza chupa angavu, iache robo saa mahali pasipotikisika. Maji yatakaa chini, utaona mstari. Mafuta ya taa hayajitengi hivyo. Yanajulikana kwa kugusa. Paka tone kwenye kioo au kwenye bati safi: esansi inakauka upesi na kuondoka, mafuta ya taa yanabaki na utelezi. Moteri iliyokunywa mafuta ya taa inawaka kwa shida asubuhi, inatoa moshi, na inalia kama ina vijiwe ndani unapoipa mzigo.

Oili iwe ile ya moteri za majini, yenye alama TC-W3. Oili ya pikipiki imetengenezwa kwa moteri inayofanya kazi kwa joto jingine. Kwa moteri nyingi za siku hizi kipimo ni 1 kwa 50: mililita 20 kwa kila lita ya esansi, yaani mililita 400 kwa bidoni ya lita 20. Moteri mpya, saa zake kumi za kwanza, kwa kawaida inapewa mara mbili ya hapo. Kitabu cha moteri yako kikisema kingine, kifuate. Pima kwa chupa ya maji ya nusu lita iliyochorwa alama. Usipime kwa kifuniko wala kwa jicho: oili ikizidi inachafua bujii, ikipungua inaua.

Asubuhi ya Bukavu ina baridi, choki, ile inayopunguza hewa ya kabureta wakati wa kuwasha, inahitajika. Ila kwa vile hewa yetu tayari ni pungufu, moteri inalowa upesi. Vuta kamba mara tatu au nne na choki. Ikikohoa, irudishe choki. Ikiwa umeshavuta mara kumi na unasikia harufu ya esansi, acha. Toa bujii, ifute, vuta kamba mara kadhaa bila bujii ili ndani pakauke, rudisha, jaribu bila choki. Ukitaka kuona cheche, waya wake uushike kwa kitambaa kikavu, chuma cha bujii kiguse chuma cha moteri, mbali na lile tundu linalotoa mvuke. Cheche ya buluu inayopiga kwa nguvu ni nzuri. Ya njano iliyolegea, badilisha bujii kwanza. Bujii ambazo namba yake inaishia na -10 zinataka nafasi ya milimita 1.

Halafu kuna kile kibanio chekundu chenye kamba. Kisipokuwepo mahali pake moteri haiwaki, na nimeona watu wakikiondoa na kufungia uzi pale moja kwa moja ili kisiwasumbue. Naomba sana, usifanye hivyo. Mvuvi wa usiku yuko peke yake, anasimama, anavuta wavu. Akianguka, kamba hiyo ya mkononi ndiyo inayoizima moteri. Bila kamba, mtumbwi unazunguka wenyewe na kurudi juu yake, helisi ikiwa mbele ya macho yake.

Maji hayatoki kwenye kitundu cha nyuma

Zima. Si baada ya kufika, sasa hivi. Chukua kasia.

Kwanza tazama matundu ya kuvutia maji yaliyo chini. Upande wa Bukavu utakuta mfuko wa plastiki umeyafunika. Ni taka zilezile zinazoshushwa na mvua kutoka vilimani na kwenda kuziba mitambo ya umeme kwenye bwawa la Ruzizi. Upande wa Goma ni mchanga mweusi wa lava, ambao haufuniki matundu, unaingia na kusaga pampu. Pili, ingiza uzi mgumu wa nailoni kwenye kitundu cha kutolea maji. Mara nyingine kimeziba chenyewe na ndani kila kitu ni kizima. Tatu ni kile kipande cha mpira chenye mabawa ndani ya pampu. Mabawa yakijikunja yasirudi, au yakikatika, kibadilishe, na vipande vilivyokatika vitafutwe vyote, kwa sababu vimekwenda kukaa kwenye njia za maji. Mimi nakibadilisha kila mwaka hata kama kinaonekana kizima. Mpira huo unaungua ndani ya muda mfupi sana moteri ikiwashwa nje ya maji, kwa hiyo ukitaka kuwajaribishia watu moteri yako nyumbani, itie kwenye pipa lililojaa.

Mawe ya ukingoni mwa Kivu yana ganda jeupe la chokaa, na ganda la namna hiyo linaweza kujijenga ndani ya njia nyembamba za maji. Siki ya moto kidogo inalilainisha. Kisha suuza sana.

Pua inapanda, pua inazama, inavuta upande

Pua ikinyanyuka na wewe huoni mbele, sogeza pini ya mwelekeo shimo moja ili mguu wa moteri usogee kuelekea mtumbwini. Pua ikizama na kuchota maji, sogeza kinyume. Lakini kwanza hamisha uzito. Moteri ya farasi 8 ni kama kilo 27, ya 15 ni kama kilo 36, juu yake bidoni na mtu mzima, wote nyuma. Peleka bidoni mbele, bomba lirefushwe.

Kuvuta upande mmoja kidogo ni kawaida ya helisi. Kuvuta sana maana yake moteri haiko katikati, au imeinama. Walioifungia ubavuni, kwenye mtumbwi wenye ncha pande zote mbili, watavutwa siku zote, na kwenye wimbi la mchana helisi itatoka majini. Mtumbwi wa namna hiyo ni bora ukatwe nyuma na kuwekewa ubao wa kweli.

Ubao unacheza

Shika kichwa cha moteri, isukume mbele na nyuma. Ukiona ubao unajongea, au maji yanachungulia kwenye pembe, usiende popote. Ubao uwe mzito wa sentimita 4 hadi 5, wa mti mkavu; mkaratusi mbichi unapasuka ukikauka. Ushikwe na viwiko viwili vya mbao vinavyopeleka nguvu kwenye mbavu za mtumbwi, kwa sababu msukumo wote wa helisi unapita hapo na hakuna njia nyingine. Vibanio vya moteri vikazwe kwa mkono, vikazwe tena baada ya nusu saa ya kwanza majini, maana mbao inajibana. Na moteri ifungwe kwa mnyororo au kamba nene kwenye mtumbwi. Kivu linashuka zaidi ya mita 400, na karibu na kingo zake nyingi haliendi polepole.

Imezama

Ikiwa kamba ilishika na umeivuta, usijaribu kuiwasha hapo ziwani. Ioshe kwa maji safi, toa bujii, ilaze tundu zikitazama chini, vuta kamba taratibu mpaka maji yaishe. Kamba ikigoma, usilazimishe. Iliyozama ikiwa inazunguka inaweza kuwa imepinda ndani. Mwaga kabureta na esansi yote. Tia oili kidogo kwenye silinda, vuta tena, rudisha bujii kavu, iwashe siku hiyohiyo na uiache izunguke nusu saa ndani ya pipa. Tazama na oili ya gia: ikiwa nyeupe kama maziwa, maji yameingia na mihuri ibadilishwe. Ikiwa huna vifaa na fundi atafika kesho, usiiweke juani ikauke. Irudishe ndani ya pipa la maji safi, izame kabisa, ikae humo mpaka atakapofika, maana kutu inaanza pale hewa inapoigusa.